Aliyejaza Ndoo

Habari hii aliisimulia kwanza mama yangu, Nesta, mwezi wa nne mwaka 1963, kwao Mbebe, jioni tuliyorudi kutoka kumzika bibi yangu Marta. Kabla ya hapo hakuwahi kuizungumza, na baada ya hapo aliirudia mara mbili tu. Nimeiandika kama alivyoisema. Ambapo sina hakika, nimesema sina hakika.

Babu yangu, mzee Enoka, alikuwa nyapara katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja upande wa Mbozi. Vita vilipoanza mwaka 1939 Serikali ilimchukua Mzungu yule, kwa kuwa alikuwa Mjerumani, na hakurudi. Babu aliachiwa funguo ailinde nyumba. Mwanzoni alilala kibandani. Baadaye akahamia sebuleni, kisha akaileta familia yake yote. Watu walipoanza kuiita nyumba ya Enoka, hakuwasahihisha.

Nyumba hiyo ilikuwa na choo ndani, cha kuvuta mnyororo. Uchafu ulipita katika bomba chini ya sakafu ukaingia katika karo nyuma ya nyumba. Karo lenyewe lilikuwa shimo la kimo cha watu wawili, kuta zake za matofali na saruji, na juu yake mfuniko mzito wa zege. Baba yangu mdogo, Osea, alikuwa na mzaha wake: "Mbozi nzima ni sisi tu tunaokunya jirani na meza ya chakula." Bibi Marta alimfukuza na mwiko kila aliposema hivyo.

Karo hujaa, na wakati wa Mzungu alikuwapo mtu wa kulimaliza. Jina lake Lusubilo, mtu wa kutoka Saza, kwenye machimbo ya dhahabu. Kila Agosti alikuja na ndoo yake na kamba, akauchota uchafu mpaka sakafu ya karo ikaonekana, akaufukia nyuma ya mibuni, akaenda zake. Babu alipohamia ndani, Lusubilo alikuja kama kawaida. Babu alimkuta ameshainama kwenye mfuniko.

"Unataka kubeba kinyesi cha watoto wangu umpelekee nani?"

Msomaji wa mjini anaweza kucheka. Kwetu hakuna aliyecheka. Kinyesi cha mtu ni kama kucha zake na nywele zake. Kikifika mkononi mwa mchawi, mwenyewe amekwisha. Kwa hiyo choo cha shimo kikijaa hufukiwa, kikachimbwa kingine, na mgeni hagusi. Lakini karo halifukiwi. Babu aliliona kama familia yake yote imewekwa mahali pamoja, chini ya kifuniko kimoja, na mtu baki anaomba kukifunua.

Lusubilo alirudi kila kiangazi, akafukuzwa kila kiangazi. Mara ya mwisho babu alimpiga fimbo ya mgongo. Lusubilo aliweka ndoo na kamba juu ya mfuniko, akasema, "Kazi yangu haijaisha."

Hakuonekana tena.

Mama aliolewa na Danford, mtoto wa kwanza wa babu, mwaka 1946. Mama ni Mndali, na kwa Wandali mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, hatumii choo chake. Wakikutana njiani, mke anaingia majanini na mzee anageuza uso. Ni heshima, na inalindwa na wote wawili. Sisi ni Wanyiha na tuna taratibu zetu, lakini babu aliipenda ile ya Kindali. Ilimfanya ajione chifu.

Kwa sababu hiyo mama alichimbiwa choo chake cha shimo, mbali nyuma ya nyumba. Kila jioni alipokwenda huko, alipita pembeni ya ule mfuniko. Hakuna mwingine aliyepita pale.

Kiangazi cha 1948, jua likizama, alikwenda nyuma ya nyumba, karibu na mfuniko, kuanua nguo zangu za kitoto. Mimi nilikuwa mgongoni.

Harufu ilimfikia kwanza. Ya mayai viza, lakini nzito, inayokaa kooni. Halafu akasikia sauti.

Kwaruu...

Kimya.

Kwaruu... kwaruu...

Bati likikwaruzwa kwenye saruji. Sauti ilitoka chini ya mfuniko.

Aligeuka arudi. Mtu alikuwa amesimama kati yake na nyumba. Mwanamume mwembamba, mikono ameiachia pembeni. Kiangazi kile mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi mingi, lakini nguo zake zilikuwa zimelowa mpaka kifuani, zinadondoka.

"Hodi, Mama Elizabeti."

Mama hakuwahi kumwona. Alishangaa jinsi alivyolijua jina langu.

"Karibu, baba."

"Mwenye nyumba yupo?"

"Yupo ndani."

"Mwambie limejaa. Nimekuja kulimaliza."

"Baba mkwe simsemeshi."

"Najua." Alinong'ona, kama mtu mwenye vumbi kifuani. "Basi usikie wewe. Wakifungua, wasishuke. Washushe taa kwanza kwa kamba. Taa ikizimika, wasishuke."

"Na wakishuka?"

Yule mtu aliutazama mfuniko.

"Nitawasaidia kazi."

Mama aliinama kuokota nguo iliyomponyoka. Alipoinua kichwa, palikuwa na majani makavu tu, na alama ya maji iliyoishia kwenye zege.

Usiku ule alimweleza baba yangu kila neno. Baba alitambua mara moja ni nani. "Mwembamba? Anakohoa? Huyo ni Lusubilo. Amerudi na maneno yake." Hata hivyo asubuhi alimfikishia babu habari ya taa. Babu alicheka kwa hasira.

"Taa? Nani anataka kumulikiwa mle ndani? Amekosa kuingia mlangoni, sasa anataka tumwangazie njia!"

Siku chache baadaye choo kilikoroma. Bibi alikuwa mezani. Maji meusi yalipanda kwenye bakuli, yakamwagika, yakatambaa mpaka sebuleni chini ya miguu yake. Babu aliyakausha mwenyewe, mlango umefungwa. Kisha akaamua: karo litafunguliwa, lakini kwa mikono ya damu yake tu. Asiitwe kibarua. Asijue jirani. Alichagua Jumamosi ambayo watu wote wa karibu walikuwa kwenye harusi Igamba.

Asubuhi ile mama alimshika baba mkono mlangoni.

"Shusheni taa. Nakuomba."

"Mzee amekataa."

"Basi usishuke."

"Nimkatalie baba yangu mbele ya mdogo wangu?" Alinifinya shavu. "Nipikie maharage, mama Eliza. Na maji ya kuoga yawe mengi, la sivyo utanikimbia mwenyewe."

Walifanya kazi tangu mchana. Mwanzoni walichota wakiwa juu, na ndoo waliyoitumia ni ile ile aliyoiacha Lusubilo, kwa kamba ile ile. Walimwaga katika shimo walilochimba nyuma ya mibuni. Jioni ilipokaribia, maji yaliisha yakabaki matope mazito, na ndoo haikuyafikia vizuri. Baba alishusha ngazi.

Mama alikuwa jikoni, kibanda kilicho upande wa pili wa uwanja. Aliona mgongo wa babu na vichwa vya wanawe wawili. Halafu akaona kichwa kimoja.

"Kaka?" Osea aliita akiwa ameinama. "Kaka, vipi huko?"

Kisha kutoka chini:

"Shuka. Tusaidiane."

Osea akavuta shati likafunika pua. "Nikifa, msinizike na harufu hii," akasema, akashuka.

Kamba ikatikisika.

"Vuta..."

Babu akavuta. Ndoo ilitoka imejaa hadi ukingoni. Akaimwaga, akaishusha. Muda si mrefu kamba ikatikisika tena.

"Vuta..."

Babu alifurahi. Mama alimsikia akimwambia bibi kwa sauti, "Unaona, Mama Danford? Damu yako haikuangushi. Mtu baki angemaliza wiki."

Jikoni, mama aliacha kupepea moto. Alikuwa amelala pembeni ya mume wake kwa miaka miwili. Alijua anavyokohoa, anavyoita, anavyonung'unika usingizini.

Sauti ile haikuwa yake.

Bibi alipoingia kuchukua maji, mama alimshika nguo.

"Mama, anayesema 'vuta' siye."

"Siye nani?"

"Siye baba Eliza."

"Unaijua sauti ya mwanangu kuliko mimi niliyemzaa?"

"Mama, nenda kamwambie mzee. Awaite watoke. Mimi siwezi."

Bibi alisita. Yeye naye alikuwa na aibu ya kuzungumza mambo ya choo na mume wake. Alikwenda, akasimama mbali kidogo, akasema, "Mkwe wako anasema vijana wapumzike, chakula kiko tayari."

"Watakula wakimaliza."

"Vuta..."

Ndoo ilikuja. Ndoo ilishuka. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya mibuni. Kwa nguvu ya wanaume wawili, alisema mama, haiwezekani ndoo kujaa upesi namna ile. Na hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na mzaha wa Osea. Osea, ambaye hakuweza kunyamaza hata kanisani.

Mama aliwasha taa ya chemli. Akajifunika kanga usoni, akanikaza mgongoni, akatoka. Akauvuka uwanja akitazama chini mpaka akaona miguu ya baba mkwe wake.

"Baba," akasema. Ndilo lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu aolewe. "Baba, tushushe taa."

Mzee Enoka aligeuza uso.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Mama alisisitiza nisiliandike vibaya. Alifanya kama mzee mwenye adabu anavyopaswa kufanya: alimgeuzia mkwewe mgongo, akasubiri aondoke, kamba ikiwa mkononi mwake.

Mama alipiga magoti ukingoni. Alivua kanga ya usoni, akafunga taa kwenye upindo wake, akaishusha taratibu. Mwanga ulipita kwenye matofali. Ukateremka. Ukafifia. Kabla haujazimika, aliona.

Mume wake na shemeji yake walikuwa wamelala kifudifudi, sambamba, wamesogezwa hadi ukutani, kama mtu anavyosogeza vitu apate kufagia. Katikati, sakafu ya saruji ilikuwa imeonekana. Ndoo ilisimama wima, na kamba iliyofungwa kwenye mpini wake ilikuwa imekazwa, inatikisika.

Hapakuwa na mkono juu yake.

Taa ikazimika.

Mama hakumbuki alichopiga kelele. Anakumbuka kwamba babu aligeuka hatimaye, akamtazama usoni, mara ya kwanza na ya mwisho. Na anakumbuka kwamba kamba ilitikisika tena, na mikono ya mzee, kwa mazoea ya jioni nzima, ikavuta.

Ndoo ilitoka tupu. Imeoshwa.

Kutoka chini, polepole:

"Imekwisha..."

Watu wa harusi ndio waliowatoa, kwa kulabu na kamba, baada ya mfuniko kuachwa wazi mpaka kesho yake. Dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati, Nikodemo, aliitazama miili akasema ni hewa ya karo. Uchafu uliokaa miaka bila kutolewa hutengeneza hewa inayoua, na ukikorogwa hewa hiyo hutoka yote kwa pamoja. Alisema baba alikufa karibu mara tu alipofika chini, na Osea baada yake, labda kabla hajamgusa kaka yake.

"Kwa hiyo ndoo zilijazwa na nani?" mama alimwuliza.

Nikodemo alinawa mikono. Kisha akainawa tena.

Sakafu ya karo ilikuwa safi. Hili nimelithibitisha kwa watu watatu waliochungulia mle siku ile. Wiki hiyohiyo alipita mchuuzi wa chumvi kutoka Saza, akaulizwa habari za Lusubilo. Alisema udongo ulimfukia machimboni mwaka uliotangulia, kabla ya mvua, na hakuna aliyepata nafasi ya kumchimbua.

Kikao cha ukoo hakikuzungumza habari ya taa. Kilizungumza habari ya mama. Mwanamke amemsemesha baba mkwe wake, tena juu ya shimo la kinyesi lililo wazi. Ndiyo maana vijana wamekufa. Walipoambiwa kwamba vijana walikufa kabla hajasema neno, walijibu kwamba laana haifuati saa. Babu alikuwapo. Angeweza kusema neno moja. Aligeuza uso. Mama alirudishwa Mbebe, nami mgongoni, bila hata chungu. Hakuolewa tena, habari ilikuwa imemtangulia.

Mwaka jana nilikwenda kuiona nyumba ile. Inakaliwa na familia nyingine, watu wakarimu. Mfuniko upo palepale, majani yameota pembeni. Nilimwuliza mwenye nyumba, bwana Amoni, karo lilimalizwa lini. Akacheka.

"Halijatusumbua, dada. La nini kulifungua?"

Nilimweleza yote haya, hata habari ya taa. Alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha chai. Nilipokuwa naaga, choo cha ndani kilikoroma, naye akapandisha sauti ya redio.

Mzee Enoka alikufa mwaka 1951, katika kibanda chake cha zamani. Bibi Marta nimeshamtaja. Nikodemo amekufa; mchuuzi wa chumvi sijui. Mama yangu, Nesta, yu hai, yuko Mbebe, macho yake yamefifia, na ikifika Agosti haanui nguo baada ya jua kuzama. Mimi ni hai. Amoni na watoto wake walikuwa hai siku nilipoagana nao.

Lusubilo sijui nimweke upande gani. Watu wa Saza wanasema amekufa. Amoni, akinisindikiza, alisema mtu mwembamba alikuja Agosti, nguo zimelowa, akaomba kazi, nao wakamfukuza.