Panda Mfenesi Hapa

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi la Khamis, pale Zinga kando ya barabara kuu, lilijaa watu. Mafundi waligombania misumari, bodaboda walifunga mabati, na katikati yao alisimama Adila, fundi cherehani wa Magomeni, baibui lake la zambarau limeingia vumbi la saruji. Alikuwa akimlalamikia Khamis. Kiwanja amekinunua kwa jasho lake, kile cha nyuma ya msikiti, na leo amekuja kukitazama akakuta mtu amekijaza muhogo.

"Ningelijua jina lake tu," alisema, "ningempeleka kwa mwenyekiti."

Nyuma yake kijana mmoja mrefu, aliyeshika jembe jipya, alikohoa.

"Naitwa Mikidadi. Kwa mwenyekiti twende nikupeleke mwenyewe, usije ukapotea njia."

Watu walicheka. Adila alijaribu kununa, akashindwa.

Walipokuwa wakitembea, Mikidadi alimweleza. Eneo lile lote lilikuwa shamba la babu yake. Wazee waliuza kipande kimoja, kisha kingine, hadi nyumba ya mama yake ikabaki katikati ya kuta na mageti ya watu. Viwanja ambavyo havijajengwa yeye huvilima, mwenyewe akija humwachia. Aliomba radhi kwamba hakumtafuta kwanza. Kwa mwenyekiti hawakufika. Adila alimruhusu aendelee na muhogo wake, na wakapeana namba.

Mikidadi alianza kumpigia simu kumwambia muhogo unaendeleaje. Adila akamuuliza kama muhogo huo unajua kusoma saa, maana kila alipofunga cherehani ndipo ulipokuwa na habari. Baadaye muhogo haukutajwa tena. Adila alipofyatua matofali, Mikidadi aliyamwagilia asubuhi na jioni bila kuombwa, akibeba maji kisimani kwao. Mama yake, Bi Mwanamkasi, alikuwa akimpelekea Adila kisamvu cha nazi kila alipokuja, na kumtandikia mkeka mahali penye ubaridi. Mpenzi lilikuwa neno la kawaida kati yao, ila la ndoa hakuna aliyelitamka.

Siku moja ya jua kali, Adila alikuwa ameketi juu ya matofali, kanga kichwani, akijipepea.

"Mikidadi, panda mfenesi hapa," alisema.

Mikidadi aliacha kulima. "Mfenesi? Umefikiri, Adila?"

"Nimefikiri, mpenzi. Nimefikiri sana."

Alicheka, na Mikidadi akacheka naye, kisha akaenda kupima mahali pa kuchimba shimo.

Kwa wenyeji wa Zinga, mtu uliyemwazima ardhi hupanda muhogo, kunde au mahindi, vitu vinavyong'olewa akaondoka. Mti hapandi, maana mwenye mti ana haki mahali pale. Na mwanamke mwenye ardhi akimwambia mwanamume apande mti, amemwambia abaki. Jambo hili halikuwahi kufundishwa, kwa sababu hapakuwa na asiyelijua. Adila alizaliwa Magomeni, kwenye ua wa saruji. Alitaka kivuli.

Kesho yake alfajiri Mikidadi alipanda mche. Bi Mwanamkasi alivaa kanga yake mpya, akaja kuutilia maji ya kwanza huku akilia kwa furaha. Ijumaa ya wiki hiyohiyo alimtuma kaka yake, Mzee Mwinyijuma, kwenda Magomeni kuposa.

Adila hakuwa na habari. Alitoka chumbani akakuta wageni wamevaa kanzu, na Mzee Mwinyijuma akimweleza Najim, kaka yake Adila, kwa heshima zote, kwamba binti yao ndiye aliyeanza, kwani amekwisha kumpa kijana mti. Najim aliuliza maana yake. Alipoelezwa haki ya mwenye mti, uso ukambadilika. Aliwaaga wageni vizuri, lakini walipotoka alimwambia dada yake kwamba watu wameuza shamba, sasa wanataka kulirudisha kwa mlango wa ndoa.

Adila alikuwa ameona haya, na haya zikamfanya mkali. Alipiga simu.

"Umetuma wazee kwa ajili ya mti? Mimi nilitaka kivuli, Mikidadi. Kivuli tu."

"Basi nilisikia vibaya," alijibu Mikidadi. "Nisamehe."

Mikidadi angengoja kidogo, Adila angesema neno jingine. Lilikuwa mdomoni. Lakini simu ilikatwa. Kila mmoja akasubiri mwenzake apige, na miezi ikapita.

Aliporudi Zinga kuanza msingi, Adila alikuta kiwanja cheupe. Mikidadi alikuwa ameung'oa mche mwenyewe, asije mtu akasema anadai ardhi. Muhogo alikuwa ameuvuna, nusu akamwachia Adila kwa Khamis. Bi Mwanamkasi alimpokea kama zamani. Alimpa chai kwanza, akangoja amalize, ndipo akamweleza yote, maana ya mti na sababu ya kuung'oa, taratibu, bila neno la lawama. Adila alilia mapajani kwake.

"Yuko wapi, mama?"

"Fukayosi, kwa mjomba wake, analima ufuta. Mpigie, mwanangu. Lakini ujue kuna jambo."

Mikidadi aliipokea simu mara moja. Adila alimwambia kwamba sasa ameelewa, na kwamba angeulizwa waziwazi siku ile juu ya matofali, angekubali kabla hajamaliza kuulizwa.

"Nilidhani nimekuuliza," alisema Mikidadi. "Nilidhani na wewe umenijibu."

"Na sasa?"

"Sasa nimemposa Sada, binti wa hapa. Kwao wamekubali. Alinipokea nikiwa sina raha hata ya kula, hakuniuliza kitu. Nimwache leo? Siwezi kumfanyia hivyo, Adila."

Adila alimtazama Bi Mwanamkasi, aliyekuwa ameinamisha kichwa akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Usimfanyie," alisema hatimaye. "Na ukitaka kumwambia neno, liite kwa jina lake. Usimfiche maana."

"Nitamwambia."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.

"Mola akubariki, dada yangu," alisema Mikidadi.

Hakuwahi kumwita hivyo. Adila aliinuka kabla ya kujibu.

"Amina, kaka. Na wewe pia."