Mkazi wa Mwisho

Adhuhuri moja, fundi cherehani alikuwa anapiga pindo la gauni aliposikia mtu akikohoa chumba cha nyuma. Kikohozi cha adabu, cha mgeni anayengoja kuambiwa karibu. Alipokwenda kuchungulia hakukuta mtu, ila majora ya vitambaa na harufu nzito ya waridi. Naye marashi hakuyagusa tangu mumewe afariki.

Nyumba ile alitafutiwa na dada yake mkubwa. "Mdogo wangu, kodi yake sawa na bure," dada alimwambia. "Mimi mwenyewe sijawahi kuingia, nimeisikia tu kwa watu."

Siku zilivyosonga, kikohozi kikawa mnong'ono, na mnong'ono ukawa jina: "Kidosho." Jina la utotoni hilo, na aliyebaki kulijua duniani ni dada yake tu.

Akamuuliza jirani nani alikaa pale zamani. Jirani akatazama chini. "Nenda manispaa, shoga. Daftari la wakazi liko wazi kwa kila mtu. Mimi usinitie midomoni mwa watu."

Karani wa manispaa akatafuta namba ya nyumba, kisha akasoma jina la mkazi wa mwisho. Lilikuwa la dada yake, mpaka jina la babu.

"Alikaa miaka minne. Ni nduguyo?"

"Tumbo moja," fundi alijibu. Miaka hiyo yeye alikuwa akiishi na mumewe mji mwingine. "Na sasa anakaa wapi?"

Maana tangu dada ahamie nyumba mpya, alikuwa hamkaribishi kwake. Kila mara udhuru: rangi ya kuta haijakauka, njoo wiki ijayo. Karani akamwandikia mtaa na namba.

Dada alipofungua mlango na kumwona, uso ulimpauka.

"Nani kakuonyesha hapa?"

"Ulikaa ile nyumba, dada."

"Punguza sauti, watoto wanasikia." Akamvuta ndani, akanong'ona. "Jini wa mle alinikaba miaka minne. Waganga walishindwa. Mmoja akaniambia nihame, nyumba na jini wake nimwachie mtu wa damu yangu, na huyo mtu asikanyage kwangu kamwe. Mimi nina watoto. Wewe huna mtu."

"Nilikuwa na wewe."

Fundi alitaka kulia, lakini machozi hayakuja. Ilikuja ile harufu ya waridi, ikampanda kutoka mgongoni mpaka puani, mabega yakamwelemea kama mtu aliyebeba mtu, na alipofungua kinywa amlaani dada yake ikatoka sauti ya kiume, ya upole, sauti ambayo dada aliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza, kwa maana alirudi nyuma mpaka ukutani akijiziba masikio.

"Nilipotezwa njia. Mdogo wako amenifikisha."

Kisha mabega yakawa mepesi.

Fundi akatoka bila kuaga. Dada alimwita kwa jina la utotoni, mara mbili, akilia, lakini fundi hakugeuka. Alikuwa ameshika komeo la geti aliposikia sauti ya mtoto, yule mdogo ambaye yeye alimpakata hospitalini siku aliyozaliwa:

"Mama, huyu mjomba aliyekaa hapa ni nani?"

Fundi akabaki pale getini, hawezi kutoka, hawezi kurudi.