Boksi la Sista Wawira

Sista Wawira alikutwa chini ya sinki la wadi ya uzazi, uso umevimba hadi macho yamepotea, kifua kinapiga mluzi. Mikononi bado alikuwa na glavu za bluu.

Kabla ya saa tatu asubuhi, Inspekta Kailemia alikuwa amekwisha kumtia pingu Mbaka, mtunza stoo, mbele ya wauguzi na kina mama wenye vikombe vya uji. Hospitali hiyo ya Embu nzima ilijua kwamba mwili wa Wawira haupatani na mpira. Glavu zake zisizo na mpira zilikaa kwenye boksi lenye jina lake. Sasa ndani ya boksi mlikuwa na za mpira, bluu vilevile, ila zina unga.

"Afande, boksi hutoka kwangu limefungwa," Mbaka alisema. "Kufungua ni kazi ya wadi."

"Utamwambia hakimu kesho."

Mukami, nesi mwenzake Wawira, aliguna. "Malkia wa glavu! Nilimtania, ndiyo. Lakini jana nilikuwa Kibugu kwa mamangu, nachuma chai. Muulize."

Simu ilipigwa. Mama akathibitisha, akaongeza kwamba binti yake huchuma kivivu.

Metroni Igoki, mkuu wa wauguzi, akaleta chai, na avokado zilizoletwa na jamaa wa mzazi mmoja kushukuru. Kailemia alimkatia kipande. Metroni akarudi nyuma.

"Kula wewe, afande. Mimi hiyo huniwasha koo." Jua lilikuwa kali, naye amevuta mikono ya sweta hadi vidoleni.

Alasiri Wawira alipoweza kusema, Kailemia alimpa avokado iliyobaki. Akaisukuma.

"Daktari alinikataza. Wengi tunaodhuriwa na mpira, avokado na ndizi pia hutuwasha koo."

Kailemia akakumbuka kipande alichokikataa metroni. Alirudi wadini, Mbaka akimfuata na pingu zake.

"Metroni, kunja sweta."

Mikono ilikuwa myekundu, imepasuka kama shamba la Mbeere wakati wa kiangazi.

"Ulikuwa ukichukua glavu zake."

"Zikaisha," Igoki alisema. "Nikajaza za kawaida ili asigundue, nikitegemea boksi jipya litafika kabla ya zamu yake. Kumbe akaitwa ghafla, kuna mama anavuja damu. Nilimwona akiingiza mkono mle ndani. Nilikuwa mlangoni, afande. Nikanyamaza."

"Kwa nini hukuomba zako?"

"Wewe ni mtu wa Meru, umekuja juzi. Hukumjua Angeline, nesi wetu. Alisema glavu zinamla mikono, wakubwa wakamwita mvivu, wakamfukuza. Shahidi wao nilikuwa mimi. Nilisema mbele yao: huyu ni mvivu tu. Sasa ningeingia ofisi ileile na mikono hii?"

Mukami aliinamisha kichwa. Wakubwa hawakuwapo; siku ya aibu huwa wana mkutano. Angeline hawajamwomba radhi hadi leo.

Kailemia alimfungua Mbaka, akageuka na pingu zilezile kuelekea kwa metroni. Ngozi ya viganja ilikuwa inatoa maji. Akasita, akazirudisha mfukoni.

"Twende tu, mama. Utatembea mwenyewe."

Mbaka alikuwa akisugua alama za chuma. "Mikono yake umeiangalia kwanza, afande," alisema taratibu. "Yangu hukuiangalia."

Kina mama wa uji walikuwa wangali wamesimama palepale. Kailemia akapita katikati yao akitazama sakafu.