Ufunguo wa Gari la Nyuma

Giza lilikuwa linaanza kuingia Josepha alipotoka na beseni kwenda kuanua nepi za mwanawe, Rosa. Kamba ilipita juu ya magari. Katika nyumba ile ya kupanga, mjini Kibondo, ua ulikuwa ndio kila kitu: pa kuanikia, pa kuchezea watoto, pa kuegeshea.

Alikuwa ameanua nepi ya tatu.

Honi ikalia.

Fupi. Nyonge. Kama inabonyezwa na mtu asiye na nguvu...

Josepha hakugeuka. Alijua imetoka wapi. Imetoka kwenye gari jeupe la marehemu Elieth, lililokaa ukutani wiki ya sita sasa, vioo vyake vimejaa vumbi jekundu. Betri yake aliitoa Tharsisi, mume wa marehemu, kesho yake baada ya mazishi.

"Umesikia, Mwalimu?" alinong'ona.

Mwalimu Abbasi alikuwa ndiyo kwanza anashuka. Ameegesha palepale nyuma ya gari la Elieth, kwa kuwa hapakuwa na pengine.

"Nafasi tatu, magari matano," alijibu. "Mzimu naye apange foleni, Mama Rosa."

Hakucheka. Alimpa ufunguo wake akaondoka haraka.

Ndivyo walivyokubaliana wapangaji wote. Magari matatu yanatangulia ukutani, mawili yanakaa nyuma, na anayemzibia mwenzake anaacha ufunguo. Funguo zilikaa msumarini kwa Josepha, kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda nyumbani na mtoto. Akitaka kutoka, anaziweka zote kwenye kikapu kidogo, anakipeleka chumba cha pili kwa Mama Jeanne, mjane mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Burundi.

Siku aliyokufa Elieth, Machi 2014, Josepha alipeleka kikapu kama kawaida, akashika njia ya sokoni. Getini akakutana na Abbasi, ameshaegesha nyuma ya gari la Elieth, anawahi msikitini. Abbasi akamwekea ufunguo kiganjani. Kurudi kwa Mama Jeanne zilikuwa hatua ishirini tu. Lakini Rosa alikuwa amelala mgongoni, jua kali, na Josepha aliona hatakawia. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

Sokoni akakuta vitenge vipya. Akakawia.

Huku nyuma Elieth, mwenye mimba ya miezi minane, akaanza kutoka damu. Tharsisi alikuwa Kasulu kikazi. Elieth akajikokota mpaka kwenye gari lake, akaliwasha, akapiga honi apishwe njia. Mama Jeanne akakimwaga kikapu sakafuni, akapekua, akapekua tena. Ufunguo wa Abbasi haumo. Akakimbilia barabarani kutafuta pikipiki.

Elieth alikata roho juu ya pikipiki, kabla ya geti la hospitali.

Josepha alirudi akakuta vilio. Katikati ya watu waliojaa chumbani kwa Mama Jeanne, alifungua pindo la kanga, akautumbukiza ufunguo kikapuni. Alipoulizwa, alisema, "Nilimkabidhi Mama Jeanne."

Neno hilo moja lilitosha. Ufunguo umepotea mbele ya macho, mtu amekufa, ufunguo umerudi! Wakasema mama yule amewafumba watu macho, wakasema uchawi kauvusha mpaka wa Mabamba kutoka Burundi. Mama Jeanne alikana mara moja tu, kisha akanyamaza. Wiki hii mwenye nyumba alimpa mpaka Jumamosi awe amehama.

Na leo ilikuwa Ijumaa.

Josepha aliingia ndani, akautundika ufunguo, akafunga mlango kwa komeo. Akakaa kumnyonyesha Rosa.

Harufu ikaja. Petroli... na damu mbichi.

Ufunguo ukaanza kubembea huku na huku. Hapakuwa na upepo.

Nyuma ya mlango mtu alikuwa anahema.

"Mama Rosa..."

Sauti ilikuwa ya Elieth, ya upole, kama ya mtu anayeona haya kusumbua.

"Mama Rosa... nisaidie ufunguo."

Rosa aliacha ziwa. Akaugeukia mlango, akanyoosha kiganja.

Josepha alilia. Kisha alimfunga mtoto mgongoni, akautwaa ufunguo, akafungua. Nje hapakuwa na mtu. Alitembea mpaka kwenye gari jeupe, akauweka juu ya boneti.

"Dada Elieth, nilikuwa nao mimi. Nilikuwa nao kwenye kanga. Nisamehe."

Aligeuka. Mama Jeanne alikuwa amesimama mlangoni kwake na furushi la nguo.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Kanga yako ilikuwa na fundo ulipoingia. Ulipotoka haikuwa nalo."

"Mbona hukusema, mama?"

"Una mtoto wa ziwa. Hasira yao ingekumaliza wewe na yeye. Mimi nina nani?"

Usiku huohuo Josepha alibisha kwa Tharsisi, akamwambia yote. Tharsisi hakupaza sauti. Alimtazama Mama Jeanne, aliyemsindikiza, akauliza jambo moja tu.

"Alipiga honi mara ngapi?"

"Hakuacha," alisema Mama Jeanne. "Mpaka pikipiki ilipokuja."

Tharsisi akafunga mlango taratibu.

Asubuhi mwenye nyumba alisema Mama Jeanne abaki, na wapangaji wakamwomba radhi mmojammoja, macho chini. Hakubaki. Alipanda gari la Mabamba na furushi lake, akampungia Rosa mkono.

Ndipo Abbasi alipopiga ukelele uani.

Gari lake lilikuwa limesogezwa kando, breki ya mkono imevutwa. Njia ya gari jeupe ilikuwa wazi. Hakuna aliyesikia injini, wala Tharsisi ambaye hakulala. Kiti cha dereva katika gari la Abbasi kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa, kama anavyokaa mwanamke mwenye tumbo kubwa.

Ufunguo haukuonekana tena.

Honi ya uani imenyamaza. Lakini kila giza linapoanza kuingia, Josepha huisikia mbali, kwenye barabara ya hospitali, fupi, nyonge, inakwenda, inakwenda...

Na kila siku hukatika kabla ya geti.