Bakuli Lililokataa Kunyamaza

Bakuli kubwa la shaba lilikataa kunyamaza. Julia aliligusa ukingoni kwa kiganja, kama alivyofundishwa, na mabakuli mengine yote yakiguswa hivyo hukata sauti papo hapo. Hili liliendelea kunguruma chini kwa chini, nguuu, na mkono wake uko juu yake. Akalifunika kwa khanga. Wateja wake walikuwa wamelala chali mikekani, wamefumba macho, hawana habari. Kisha akasikia harufu ya tope bichi, na Newala mabomba yalikuwa makavu tangu mwezi uliopita.

Kazi hii ya kuogesha watu sauti Julia aliitoa Zanzibar, kwenye hoteli ambako wageni hulala sakafuni wagongewe mabakuli mpaka mawazo yawatoke. Mumewe Alfredi alipokufa kwa ajali ya pikipiki, alirudi Newala kumlea binti yao Anjelina, na mabakuli akarudi nayo. Watu walicheka mpaka wakachoka. Jirani yake, Mwalimu Cuthbert, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Mama Anjelina, maji yenyewe hatuna, sasa unataka tuoge kelele? Debe tupu haliachi kuvuma!"

Lakini msimu wa korosho ulipokwisha na mgongo ukimuuma, alikuja kujaribu, akakoroma mpaka jioni. Baada yake walikuja walimu wenzake, kisha wake zao, na chumba cha uani kikawa hakikosi watu.

Ukweli ni kwamba Julia hakukifungua chumba kile kwa ajili yao. Alimfungulia mwanawe. Tangu baba yake azikwe, Anjelina hakupata usingizi. Usiku macho kodo, darasani anasinzia, na ukimwuliza ana nini anajibu, "Mama, ndani hamna kitu." Bakuli kubwa lilimlaza siku ya kwanza tu. Julia alilia kwa furaha siku hiyo, na nani angemlaumu?

Basi mchana ule bakuli lilipokataa kunyamaza, wateja waliamka, wakajinyoosha, wakaaga. Anjelina, aliyekuwa amelala kati yao, hakuamka.

"Mwache alale," Mwalimu Cuthbert alinong'ona. Alipofika mlangoni akageuka. "Ila mbona nywele zake zimelowa?"

Zilikuwa zimelowa kweli, chepechepe, na maji yake yalikuwa baridi.

Toka hapo mtoto akawa wa kulala tu. Akiamka hagusi uji. Hospitali walimpima kila kitu wakamwona mzima, na huku kila Julia akimnyanyua anamwona mwepesi zaidi, mwepesi kama kibuyu kilichokaushwa. Akaogopa. Akakifunga chumba cha mabakuli kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake.

Siku moja, jua la utosi, mtaa umenyamaza na hata kuku wamejificha kivulini, alisikia mvumo ukitoka kule uani, na alipokwenda kumtazama Anjelina kitandani hakumkuta, akakimbilia mlango wa chumba, kufuli ipo vilevile, akaifungua huku ile harufu ya tope inampanda puani, na mlango ulipofunguka akamwona mwanawe amelala katikati ya mabakuli, mdomo wazi, kifua hakipandi wala hakishuki, na mvumo ule unatoka mdomoni mwake, nayo mabakuli, bila kuguswa na mtu, yanaitikia.

Mwalimu Cuthbert, aliyekuja mbio aliposikia mayowe ya Julia, hakufanya utani tena. Alipiga simu Lisekese kwa fundi mmoja wa ngoma za majini, Bi Rukaiya, na kabla ya alasiri mama huyo akashuka kwenye bodaboda, kofia ngumu juu ya ushungi, mfuko wa ubani kwapani.

"Shikamoo, Bi Rukaiya," Julia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nani kakufundisha ngoma hii?"

"Si ngoma, mama. Ni mapumziko."

Bi Rukaiya aliyatazama mabakuli, akasonya. "Ngoma ya majini tunapiga mdundo huu, tunapiga na huu, mpaka mwenyewe aitike. Akiitika anaulizwa jina na haja yake, kisha anasindikizwa kwao. Wewe umemwita, kaja, kakuta watu wote wamelala." Akapunguza sauti. "Na umemwita kwa vyombo vitupu. Bibi zako walipokuwa wakishuka kuchota maji kule bondeni, mbona walitia jani ndani ya mtungi? Chombo kitupu kikilia, mwenye maji anajua anakaribishwa."

Alifukiza ubani. Akagonga bakuli moja moja, kimya. Alipoligonga lile kubwa, Anjelina alikaa kitako, macho yamefumbwa, akasema kwa sauti ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Mnanitakia nini?"

"Umetoka wapi?" Bi Rukaiya aliuliza kwa upole.

"Chini ya mteremko. Kwenye chemchemi. Zamani wanawake walinijia kila asubuhi. Siku hizi wana mabomba, hawanikumbuki."

"Na haja yako?"

"Nyumba. Nimechoka kulala kwenye tope."

"Tukikupa, utamwacha mtoto huyu?"

"Nitaingia kilicho kitupu."

Bi Rukaiya akatoa amri. Majirani walileta maji yao ya akiba, ndoo kwa ndoo, mabakuli yote yakajazwa pomoni ili yasilie tena. Julia akapewa mtungi mpya wa udongo, aupeleke chemchemini peke yake, auache, arudi bila kutazama nyuma.

"Mtupu," Bi Rukaiya alisisitiza. "Safari hii hata jani usitie."

Asubuhi Julia aliteremka ile njia ya mawe ambayo bibi zake waliipanda na mitungi kichwani, Ruvuma ikionekana kwa mbali, mpaka akaifikia chemchemi chini ya matete. Akautua mtungi. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye pindo la khanga, alikofunga unga wa mtama wakati anatoka nyumbani. Mtu haendi kwa mwenye mahali bila kitu. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajajua kuhesabu, na mkono mtupu haulambwi. Je, jini amrudishie mwanawe, naye asimpe hata shukrani? Akatia ukufi mmoja mtungini, unga mweupe, kidogo tu.

"Pokea," alisema. "Na ahsante."

Aliporudi, Anjelina alikuwa amekaa mlangoni anakula ugali na kisamvu, amepakata sahani kama mtu aliyetoka safari. Mwalimu Cuthbert alikuwa anajifuta machozi, anasingizia moshi. Bi Rukaiya alivaa kofia yake, akapanda pikipiki, akamtazama Julia.

"Uliuacha mtupu?"

"Mtupu, mama," alijibu. Ukufi wa unga nao ni kitu?

Maji ya bomba yalirudi wiki ile. Julia alimkalisha Anjelina uani kwenye beseni, akamsugua mgongo huku akiimba, maana mtoto alikuwa amenenepa, analala usiku, anacheka. Kopo likamponyoka mkononi, likamgonga Anjelina begani.

Nguuu.

Sauti ilikuwa ileile. Julia akaweka kiganja begani pa mwanawe haraka, kama alivyofundishwa, akakibana, akasubiri, na sauti iliendelea kuvuma chini ya ngozi, na harufu ya tope ikajaa uani.

"Usilie, Mama," alisema Anjelina. "Sasa ndani yumo mtu."