Barua Iliyosema Baba ni Tajiri

Sisi tunakaa Likasi, katika nyumba za wafanyakazi. Asubuhi sirene ya usine, kile kiwanda kikubwa, inalia, na wanaume wanatoka. Baba yangu, Damas, hakutoka kama wengine. Mama alipaswa kwanza kupiga pasi suruali yake ya kazi, ile ya mafuta na vumbi.

"Baba ya batoto," mama alisema, "hii inaenda kuchafuka."

"Ichafuke ikiwa imenyooka," baba alijibu.

Mama yangu, Clotilde, aliuza sokoni samaki wa ziwa Tshangalele. Mimi nilimusaidia, kwa sababu masomo yangu yalisimama mwaka wa sita. Mudogo wangu Émérence aliendelea. Mwaka ule wa 1962 Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo ya Léopoldville, inchi ya peke yake, na bendera yake na timbre zake za kubandika juu ya barua. Émérence alikuwa anamaliza shule ya kati. Alitaka kujifunza kazi ya kuzalisha wanawake.

Lakini shule za kazi ile zinataka feza ya kitanda, ya chakula, ya mavazi. Sisi hatukuwa nayo. Tulihitaji burse, ni kusema musaada unaolipia masomo ya mutoto ambaye jamaa yake haina uwezo. Bila burse, Émérence angekuja kukaa nami kwenye kikapu cha samaki. Nyumba nzima ilijua.

Siku moja tulikuwa tunakula. Émérence akasema, "Baba, mwalimu anasema tuandikie shule mingi. Tatu ao ine."

Baba akaacha kumega bukari, ugali wetu. "Tatu? Muntu anaposa mu nyumba tatu siku moja? Batasema tuko baongo."

"Baba, ni shule. Haiko ndoa."

"Kuomba ni kuomba. Unachagua nyumba moja ya heshima. Unatuma muntu wa katikati na kuku. Kisha unangoja."

Nyumba ya heshima ilikuwa shule moja kubwa ya masœur, watawa wa kike, kule Élisabethville. Ilikuwa na mulango mukubwa wa chuma. Baba alikuwa ameuona mara moja, na alipenda mulango kuliko shule. Akamuchukua mujomba Germain, kaka wa mama, awe muntu wa katikati. Wakapanda treni na kuku. Masœur mumoja alipokea kuku, akashukuru, akawapa fomu ya kujaza.

Baba alirudi akipiga mluzi. "Kuku amepokelewa," alisema. "Mambo imeisha."

Jumapili, kisha misa, tulikaa kujaza fomu. Baba alisema, Émérence aliandika.

"Kazi ya baba?"

"Andika: chef, mukubwa wa kazi."

"Baba, uko chef ya nani?"

"Ya Stanislas." Stanislas alikuwa muntu mumoja tu. Baba akibeba bomba, yeye alishika upande mwingine.

"Mali ya nyumba?"

"Kinga."

Kinga ni baiskeli. Na baiskeli ile ilikuwa ya mujomba Germain. Mama akakohoa.

"Inalala hapa," baba alisema. "Andika. Na mashini ya kushona."

"Ni ya jirani, baba. Alikuletea utengeneze."

"Nimeitengeneza? Bado. Basi ingali hapa. Andika tena kuku makumi tatu na moja."

"Tuko na kuku kumi na tisa," mama alisema.

"Na mayai kumi na mbili ile ule mweupe anakalia?"

Émérence akaandika. Swali lingine likauliza: watoto ni wangapi? Kwetu watoto hawahesabiwi. Wazee wanasema ukiwahesabu, unaita kifo kije kupunguza.

"Andika: Mungu anajua."

Émérence alinitazama. Mimi nilitazama chini. Niliona kuna kitu hakiko sawa, lakini sikujua ni kitu gani. Émérence alibaki na karatasi ya kwanza aliyojaribia. Ile safi ikaenda posta.

Jibu lilikuja kisha wiki tatu. Émérence alilisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. "Banasema fasi yangu iko. Lakini burse hapana. Juu jamaa iko na mali ya kutosha."

Mama alishika kichwa. Baba alisema, "Soma tena pale pa mali."

Émérence akasoma.

"Polepole."

Akasoma polepole. Baba akakunja barua, akaiweka katika mufuko wa shati, akaenda nayo kazini.

Kisha siku mbili Stanislas alikuja kukopa mabati. Kesho yake katekista aliomba kioo cha dirisha la kanisa. Wanawake wawili ambao hatukuwajua walikuja kusalimia, wakasema wao ni ndugu za baba. Baba alikaa chooni muda murefu. Mama alisimama mulangoni na kuwaambia wote, "Tajiri ametoka. Sisi tulibakia hapa tuko bamasikini."

Émérence hakulia. Alikuja uani, akachukua kisu, akaanza kupasua samaki pamoja nami. Hakuniuliza namna ya kushika. Uso aliokuwa nao niliujua. Mimi nilikuwa nao mwaka ule nilioacha shule, na hakuna aliyeuona. Nikaweka kisu chini, nikaenda kumuita papa Casimir.

Papa Casimir ni karani katika ofisi ya nyumba zetu. Kabila lake na la baba ni banungwe, ni kusema watani: wanaweza kutukanana na hakuna anayekasirika.

"Yambo, bwana tajiri," alisema akiingia. "Nimekuja kuazima motokari."

"Casimir, kufa."

"Nitakufa, na weye utalipa matanga yangu. Bakubwa bameandika uko na mali."

Émérence akamupa ile karatasi ya kwanza. Papa Casimir akasoma. Alianza vizuri, kisha mabega yake yakatikisika, kisha akavua miwani.

"Damas. Kuku ulihesabu, batoto ukaacha?"

"Kuku haziko na nkambo ku kaburi ya kukasirika."

"Sikiliza. Minye nakutukana kila siku, leo sikutukane. Hii karatasi inauliza juu ya kujua nani anahitaji musaada. Weye umejibu kama muntu anaposa bibi. Ukienda kwa munganga, unamwambia uko muzima?"

Baba alinyoosha kola ya shati. "Minye nikienda kwa munganga, ninavaa muzuri."

"Vaa. Lakini sema fasi inauma."

Mama alicheka kwanza. Baba hakucheka, lakini akasogeza kiti karibu.

Papa Casimir akapasua mufuko wa sementi, akaugeuza, akachora mistari. "Kupata fasi ni neno moja," alisema. "Kupata burse ni neno lingine. Shule inaweza kukubali mutoto na kukataa kulipa. Njo sababu hatuandikie moja. Sasa tuseme shule, na kila moja tunaiuliza: nani analipa kitanda na chakula? Nani analipa mavazi na vitabu? Mwisho wa kupeleka karatasi ni siku gani? Banataka karatasi gani?"

"Andika ile ya mulango," baba alisema haraka.

"Naandika. Ni ya tumaini. Tutabaandikia tena na ukweli, na kuomba musamaha."

"Na Léopoldville."

"Na timbre ya Katanga? Barua itazunguka dunia na kurudi na ndevu. Tunaandika fasi mutoto anaweza kufika mwaka huu."

"Basi ile ya kushona, ya kule parokia. Bei yake ni kidogo."

Papa Casimir alimugeukia Émérence. "Mama, ile unaipenda?"

"Hapana, papa."

"Bakikukubali kule tu, utaenda?"

Émérence alitazama baba, kisha akasema, "Sitaenda."

"Basi haiingie. Shule ambayo hutaki kwenda, haifai ku liste. Inakula fasi ya ingine."

Wakaandika shule ya misioni, kwenye njia ya Mwadingusha. Ilikuwa na burse kidogo na wanafunzi wachache. Ya tatu, papa Casimir aliiandika kwa herufi kubwa. Ilikuwa shule ya hospitali, hapa hapa Likasi. Wanafunzi walisaidia wagonjwa asubuhi na kusoma muchana, na hospitali ililipa yote.

"Ile haina hata ukuta," baba alisema.

"Iko na burse. Mutoto atalala juu ya ukuta?"

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Ilitakiwa karatasi ya mushahara, yenye muhuri wa ofisi. Baba alikataa siku mbili. Siku ya tatu alivaa koti, akaenda, akarudi ameshika karatasi kwa ncha ya vidole kama samaki aliyeoza.

Na watoto? Baba alisema hapo hatabadili. Papa Casimir hakumulazimisha. "Usihesabu," alisema. "Taja majina. Minye naandika kila jina ku mustari yake. Kuhesabu ni kazi ya ule atasoma."

Baba akataja. Alianza na mimi, akafika kwa kitoto kinachonyonya, kisha akataja wale watatu wa marehemu ndugu yake, ambao tunakaa nao. Mistari ikajaza ukurasa. Mama alisema kwa sauti ndogo, "Bote bale banakula kwangu?"

Barua tatu ziliondoka mbele ya siku ya mwisho. Majibu yalikuja mwezi wa nane. Misioni walisema wamejaa. Shule ya mulango ilisamehe, ikatoa burse ya masomo, lakini kitanda na chakula tulipe sisi. Hospitali ilikubali yote: kitanda, chakula, mavazi, vitabu.

Baba aliweka barua mbili juu ya meza. Kazini alikuwa amekwisha kuwaambia wote kwamba binti yake anakwenda Élisabethville. Alisogeza ile ya mulango mbele, akairudisha, akaisogeza tena.

Papa Casimir alikuwa amesimama pembeni. "Usitazame ile banatoa," alisema. "Tazama ile inabakia weye utafute. Ya kwanza inabakisha kitanda na chakula, miaka tatu. Ya pili inabakisha nini?"

Baba aliondoa mukono juu ya barua. Kisha akamuuliza Émérence, na ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza: "Weye unataka wapi?"

"Hospitali, baba. Kule nitamaliza. Élisabethville nitaanza tu."

Baba akachukua barua ya mulango, akampa mama. "Funga nayo samaki," alisema.

Siku ya kwenda, mwezi wa tisa, baba alibeba sanduku la Émérence mwenyewe. Kutoka kwetu mpaka hospitali ni dakika makumi mbili kwa miguu. Sisi tulitembea saa nzima, kwa sababu baba alipita sokoni, kisha kanisani, kisha mbele ya mulango wa usine wakati watu wa zamu walikuwa wanatoka. Kila aliyesalimia aliambiwa: "Burse muzima. Yote."

Stanislas alisimama na chakula chake mukononi. "Damas, hiyo burse muzima, haiko ya bamasikini?"

Watu walisimama kusikiliza. Baba alishusha sanduku chini.

"Ndiyo," alisema. "Ya masikini mwenye mutoto wa akili. Weye, batoto yako banamaliza mwaka ujao, si vile? Kuja Jumapili. Kuja na karatasi ya mushahara."

Stanislas akauliza ni karatasi gani, na baba akaanza kueleza, tangu mwanzo. Émérence alichukua sanduku, akaliweka kichwani.

"Baba," alisema, "eleza tukiwa tunatembea. Ku hospitali banaita majina, na langu liko."