Tone Chini ya Ulimi

Jioni ile niliteremka kufuata chupa tu.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya misonobari, na baridi ya Desemba ilikuwa ikipanda kutoka mtoni, taratibu, kama mtu mwenye hakika kwamba atafika. Nyumba ya mafuta ilikuwa chini kidogo ya kijiji chetu cha Dhurakot. Chumba kimoja cha mawe, paa la vigae vya mwamba, taa moja. Humo wanawake wa ushirika walikausha majani ya bangi, wakayaloweka kwenye mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto kidogo, wakayachuja kwa kitambaa. Hiyo si bangi ya kulevya. Ni aina nyingine, iliyoletwa na watu waliokuja kutufanyia semina ya kilimo, pamoja na kibali chake. Mafuta ya CBD, ndivyo ilivyoandikwa kwenye chupa.

Bangi kwetu si jambo geni. Mbegu zake tunazisaga chatne ya kulia mkate wa ulezi. Nyuzi zake tunasokota kamba za kufungia ng'ombe. Lakini mafuta yake chini ya ulimi... hayo sikuwahi kuyaonja.

Nilikuwa sipati usingizi. Tangu msimu wa mvua, gari la mume wangu Kundan lilipoporomoka korongoni, kila nikifumba macho nilisikia changarawe zikiteleza. Changarawe tu. Zikiteleza, zikiteleza, bila kufika chini.

Narayani, mdogo wake Kundan, ndiye aliyekuwa akijaza chupa siku hiyo. Hakuwa ameolewa, tuliishi wawili katika nyumba moja, wajane wawili wa mtu mmoja, mmoja wa mume na mmoja wa kaka.

"Umefika, kuku wa mjini?" akasema bila kugeuka.

"Nimefika, ng'ombe wa kuazima. Unayekula usikamwe."

Hiyo ndiyo salamu yetu. Nilipoletwa pale bibi harusi, nikilia kwa kuukumbuka mji, ni yeye aliyenitukana kwanza. Nikamjibu. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile nilijua kwamba katika nyumba ile nina mtu.

Akanikabidhi chupa. Ndogo, nyeusi, kifuniko chake kina kibomba cha kioo cha kudondoshea.

"Sikiliza vizuri, maana wewe ni mwanafunzi. Tone moja. Si mawili. Si kijiko, kama unavyokunywa samli ya watu."

"Nitalewa?"

"Ukilewa kwa haya, basi hata chai inakulewesha. Kuna dawa nyingine unameza?"

"Hakuna."

"Ingekuwepo ningekuambia umwone daktari kwanza. Haya. Tone linakaa chini ya ulimi. Usimeze. Usiseme. Subiri liishe lenyewe. Usipoona kitu, usiongeze. Kesho nayo ni siku."

"Nisiseme? Mimi?"

"Ndiyo maana nimekuchagulia dawa hii. Na mimi nipumzike."

Tukacheka. Lakini nilipoipokea chupa, vidole vyake vilichelewa kuiachia.

"Hii ni ya kwanza?" nikauliza.

"Ya kwanza ya mavuno haya."

"Bhumiya ameshapewa tone lake?"

Bhumiya ni mlinzi wa mashamba yetu. Jiwe lake liko juu ya matuta, limepakwa rangi nyekundu. Maziwa ya kwanza, nafaka ya kwanza, mafuta ya kwanza, yote huanzia kwake. Anayejaza chupa ya kwanza ndiye hulipeleka tone. Lakini nyumba yenye msiba hailigusi jiwe lile mpaka mwaka uzunguke, na nyumba yetu ilikuwa na msiba.

Narayani akaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Mambo ya jiwe niachie mimi," akasema. "Nenda, wifi. Ukungu unapanda. Nikimaliza kuosha masufuria nakufuata."

Nikadhani amemwomba mwanamke mwingine alipeleke. Nikaenda.

Njia ya kwetu inapanda kwa mzunguko, mlima mkono wa kushoto, korongo mkono wa kulia. Kwenye kona iliyo chini ya nyumba yetu, mvua zilimega njia. Watu walitupa matawi ya miiba pale ili mtu ajue mahali ardhi inapokoma. Mchana unayaona. Kwenye ukungu huyaoni. Ndiyo maana ukungu ukishuka, aliye nyumbani humpigia sauti aliye njiani, naye huishika sauti ile kama kamba, akaifuata mpaka mlangoni.

Na kuna sheria nyingine, ya zamani zaidi. Jua likishazama, ukisikia jina lako, usiitike mwito wa kwanza. Usiitike wa pili. Binadamu huita mara tatu. Kile kingine hakiijui tatu.

Sheria mbili. Hazijawahi kugombana... mpaka jioni ile.

Nilimtupia Dhauli, ng'ombe wetu, majani yake kwenye zizi la chini. Nikapanda ngazi hadi chumbani, nikasukuma komeo, nikachochea moto. Ukungu ulikuwa umeshafika dirishani. Ulikaa pale kama uso.

Nikafungua chupa.

Tone moja. Nikaliweka chini ya ulimi. Lilikuwa na ladha ya nyasi na majivu, na nyuma ya hiyo, uchungu mdogo. Nikafumba mdomo. Nikasubiri liishe.

Halikuisha.

Moto ulilia, kuni moja ikavunjika. Chini, Dhauli aliacha kutafuna. Ghafla tu. Kimya cha ng'ombe anayesikiliza ni kimya kizito. Kisha nikasikia harufu... udongo. Udongo uliofukuliwa sasa hivi, wenye unyevu, ndani ya chumba ambacho sakafu yake ni mbao.

"Wifi!"

Ilitoka mbali, njiani, chini ya kona. Sauti ya Narayani.

Sikuitika. Mwito wa kwanza.

"Wifi! Yale mafuta usiyaguse! Sikumpa Bhumiya! Niliogopa wataniondoa kazini kwa sababu ya msiba... Nakuja kuyachukua, usiyaguse!"

Mwito wa pili. Tone chini ya ulimi lilisogea. Sikulisogeza mimi. Lilisogea, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Nikasubiri. Nilihesabu pumzi zangu, nikapotea, nikaanza tena.

"Wifi, sioni kitu! Ukungu umenimeza! Nipigie sauti!"

Tatu.

Ni yeye. Binadamu. Mtu wangu, kwenye njia iliyomegeka, kipofu, akiomba kamba.

Nikafungua mdomo kumwitikia.

Mdomo haukufunguka.

Nilivuta midomo kwa vidole. Ilikuwa laini, yenye joto, na imeshikana kama ya mtu ambaye hajawahi kuwa na mdomo. Nikajaribu kumeza. Koo likakataa. Na lile tone... lilikuwa limekuwa mafunda. Liliinua ulimi wangu polepole, likausukuma juu, likajaza mashavu. Tone moja. Nilidondosha tone moja tu.

Nikakimbilia sahani ya shaba ukutani, nikaipiga kwa mwiko. Haikulia. Niliipiga mpaka mkono ukauma, nayo ilitoa sauti ya unga ukianguka juu ya unga. Nikarukia mlango. Komeo lilikuwa palepale, mti mkavu nilioushika maelfu ya mara, na halikusogea. Nikagonga mlango kwa bega. Kimya. Kana kwamba chumba kizima kilikuwa chini ya ulimi wa mtu, kikisubiri kuisha.

Nje, Narayani alikuwa akilia sasa. "Wifi, jamani! Nipigie sauti!"

Na mtu akamwitikia.

"Narayaaani... njoo... njia ni nyeupe."

Ilikuwa sauti yangu.

Mdomo wangu umefumbwa. Mikono yangu miwili iko juu yake. Na sauti yangu iko nje, tamu, yenye subira, inamwita wifi yangu. Haikutoka mlangoni. Ilitoka kule kwenye kona, ng'ambo ya miiba. Pale ambapo hakuna ardhi.

"Narayaaani... sogea kidogo."

"Ndiyo wewe, wifi?"

"Ndiyo mimi. Sogea."

Nikasikia changarawe zikiteleza.

Zikiteleza... zikiteleza...

Sikufikiri. Mjane haruhusiwi kutoa sadaka ya shamba. Asiyetimiza mwaka wa msiba haruhusiwi. Mwanamke asiyeoga jioni haruhusiwi. Mimi nilikuwa hao wote watatu. Nikapiga magoti kwenye kizingiti, nikapindua chupa, nikaimwaga yote. Moyoni nikasema: Wewe uliye nje, kama ni lako, chukua lako. Mwache wangu.

Mafuta yalitanda juu ya jiwe la kizingiti. Kizingiti kile kinainamia ndani. Mvua ikinyesha, maji huingia chumbani. Lakini mafuta yale yalipanda. Nakuapia yalipanda, uzi mwembamba unaong'aa kwa moto, yakapita chini ya mlango, yakatoka.

Upande wa pili wa mlango, kwenye usawa wa shavu langu, kitu kikaanza kulamba.

Polepole. Kwa ulimi mpana. Bila kupumua.

Kisha kikaacha. Na mdomo wangu ukafunguka.

"Narayani! Simama hapo hapo! Usiongeze hatua!"

Sauti yake ikaja, ndogo mno:

"Mko... mko wawili."

"Njoo," ikasema sauti yangu kule kwenye kona. "Usimsikilize huyo. Njoo, mpenzi."

Ilisema mpenzi. Mimi sijawahi kumwita Narayani mpenzi tangu nizaliwe.

"Kaa chini!" nikapiga kelele, machozi yakinibubujika. "Kaa chini, we ng'ombe wa kuazima! Unayekula usikamwe! Weka makalio yako chini na usiinuke, mjinga mkubwa we!"

Ukungu ukanyamaza.

Nikasikia mtu akikaa chini, kishindo kizima. Nikamsikia akilia na kucheka kwa pamoja. "Ni yeye," alikuwa akisema peke yake. "Ni yeye, ni kuku wangu."

Komeo likasogea kwa kidole kimoja. Lachham Singh, jirani yetu, alizisikia kelele zangu akatoka na kamba na kurunzi. Tulimkuta Narayani ameketi ndani ya matawi ya miiba, amekwaruzwa mapaja yote, mguu mmoja juu ya ardhi na mmoja ukining'inia kwenye hewa. Kiatu alikuwa nacho kimoja. Kingine hatukukisikia kikifika chini.

Wanawake wa ushirika walisema mengi. Mwalimu wa semina alipokuja, alinusa ile chupa tupu, akasema labda majani yaliota kuvu kabla ya kukauka, na kwamba mtu asiyelala miezi mingi huweza kuota akiwa macho. Alisema kwa upole. Nilimwuliza kama Narayani naye aliota, yeye ambaye hakuonja kitu. Akaandika jambo, akaomba chai.

Wengine walimsingizia Bhumiya. Mama mmoja aliyeuza mbegu zake pale aliwakatalia kwa hasira. "Bhumiya ni mlinzi," alisema. "Asipopewa lake hawi mwizi. Anageuza mgongo tu. Na mlinzi akigeuza mgongo, anayeingia si yeye."

Hakuna aliyeuliza ni nani, basi, anayeingia.

Siku ya pili yake mwanamke wa nyumba isiyo na msiba alipeleka tone kwenye jiwe, kutoka chupa nyingine. Narayani hakuondolewa kazini. Maisha yakarudi kwenye njia yake. Nami, niseme ukweli, ninalala sasa. Ninalala kama jiwe, na sijaonja tena mafuta yale. Lile tone sikulitema. Sikulimeza. Sijui lilikwenda wapi. Asubuhi nyingine huamka nikiwa nimefumba mdomo kwa nguvu, na nyuma ya meno nina ladha ya majivu.

Hayo ningeweza kuyazoea.

Lakini juzi ukungu ulipanda tena. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama. Nilikuwa nakanda unga wa ulezi, na Narayani amekaa hapa, karibu yangu, goti lake limegusa goti langu, anamenya vitunguu.

Njiani, chini ya kona, Narayani akaita.

"Wifi!"

Kisu chake kikasimama katikati ya kitunguu.

"Wifi!"

Tukatazamana. Hakiijui tatu, niliwaza. Hakijawahi kuijua tatu.

"Wifi!"

Chini, Dhauli akaacha kutafuna.

Halafu hatua zikapanda ngazi zetu, moja ya mguu mtupu, moja yenye kiatu. Zikasimama mlangoni. Kile kitu kikacheka, kicheko cha Narayani hasa, kile cha kumkalisha mtu chini.

"Fungua," kikasema, "we kuku wa mjini."

Narayani aliniziba mdomo kwa mkono wake wenye vitunguu. Nami nikamziba wake.